Zulia la manyoya bandia kwa sungura mwenye vidonda vya nyayo: tathmini baada ya miezi 14

Sungura wangu jike, Sufi, alikuwa na umri wa miaka 4 nilipoona kwamba kisigino chake cha kushoto kimepoteza manyoya na kubaki na duara la ngozi nyekundu lenye upana wa ukucha wa kidole gumba. Baada ya majuma matatu duara hilo lilikuwa limefanya kigaga kigumu, na kisigino cha kulia nacho kilikuwa kimeanza kuonyesha dalili zile zile. Katika miezi 14 iliyofuata nimetumia aina nne za matandiko ya sakafu, krimu moja ya dukani, jozi mbili za soksi za wanyama, na matibabu ya daktari wa mifugo katika vipindi viwili. Kitu kilichobaki sakafuni hadi leo ni zulia la manyoya bandia, lile zito lenye nyuzi nene za poliesta na mgongo wa mpira usioteleza, ambalo hutengenezwa kwa ajili ya kulazia wanyama wagonjwa na wanyama wachanga. Tathmini hii inalihusu zulia hilo zaidi ya kitu kingine chochote, lakini thamani yake haiwezi kueleweka bila kutaja vitu vilivyoshindwa kabla yake, wala bila kusema wazi kazi ambayo zulia lenyewe haliwezi kuifanya.

Nianze na mguu, kwa kuwa asiyejua jinsi ulivyoumbwa atanunua kitu kisichoufaa. Paka na mbwa wana vifuko vya nyama vyenye ngozi ngumu chini ya miguu yao; sungura hana. Alicho nacho ni manyoya mazito yaliyoufunika unyayo wote, na chini ya manyoya hayo kuna ngozi nyembamba iliyokaa karibu sana na mfupa na kano. Porini, uzito wake hupokelewa na udongo na majani: makucha huzama ardhini, ardhi hubonyea ikafuata umbo la unyayo, na hakuna sehemu moja inayobeba mzigo peke yake. Akiwekwa juu ya sakafu ngumu na tambarare, makucha hayana pa kuzama, vidole huinuka kidogo, na uzito hurudi nyuma ukakalia eneo dogo la kisigino. Shinikizo hilo likidumu, mishipa midogo ya damu hubanwa, ngozi hukosa damu ya kutosha, manyoya hukatika, sugu hujengeka kisha hupasuka, na bakteria, hasa stafilokokasi ambao huweza kuishi juu ya ngozi ya mnyama asiye na ugonjwa wowote, hupata mlango wa kuingilia.

Sufi alikuwa na sababu mbili za ziada za kuugua. Yeye ni wa aina ya Rex, iliyojitokeza Ufaransa mwaka 1919, ambayo manyoya yake ya juu yamebaki mafupi sawa na yale ya chini, na kwa sababu hiyo huwa laini kama mahameli kila mahali, hata pale kwenye nyayo ambapo manyoya marefu na magumu yangehitajika zaidi. Sababu ya pili ilikuwa kosa langu: alikuwa na kilo 4.6 wakati ambapo mwili wake, kwa kauli ya daktari, ulipaswa kuwa na kilo 3.9 hivi. Sungura wa aina kubwa, kama Flemish Giant, hupata shida hii kwa uzito wao wa asili hata wasipokuwa wanene. Sungura mzee mwenye ugonjwa wa viungo naye huipata, kwa sababu huketi mahali pamoja kwa saa nyingi na huelemea mguu ule usiomuuma.

Alikuwa akilala ndani ya kizimba chenye sakafu ya plastiki, na mchana alikuwa akizunguka chumba chenye vigae. Sikuwahi kumweka juu ya waya, na ninamsihi yeyote ambaye kizimba chake kina sakafu ya waya aifunike leo kabla ya kusoma sentensi nyingine ya tathmini hii, kwa sababu waya hukusanya uzito wa mnyama kwenye mistari myembamba, hukata ngozi na hunasa makucha. Vigae hudhuru kwa namna tofauti: vinateleza, kwa hiyo sungura hukaza misuli na kusugua nyayo kila anapoondoka, na baadaye huacha kabisa kutembea, akaketi. Sufi alikuwa ameacha kukimbia miezi kadhaa kabla sijaona kidonda, nami nilidhani ni utulivu wa umri. Sungura huficha maumivu kwa ustadi mkubwa, na mabadiliko ya aina hiyo ndiyo lugha yake.

Kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa mkeka wa nyasi uliosukwa, ambao hutengenezwa mahususi kwa ajili ya sungura. Ninaupenda bado kama kitu cha kutafuna na kuchezea, kwa kuwa nyasi zake hazidhuru zikimezwa, na unawapa makucha mahali pa kushika. Kwa kisigino chenye kidonda, hata hivyo, haufai. Msuko wake una vifundo vigumu, haubonyei chini ya uzito, na ukilowa mkojo hubaki na unyevu ndani kwa muda mrefu. Katika siku kumi kigaga cha kushoto kilipasuka kwenye ukingo, nikauondoa.

Cha pili kilikuwa mikeka ya sponji ya kuunganisha, ya aina inayotandikwa vyumbani mwa watoto. Hapa ulaini ulikuwepo, lakini Sufi alianza kuzitafuna kingo usiku wa kwanza. Sungura hawezi kutapika. Chochote anachomeza lazima kipite hadi mwisho au kizibe njia, na kipande cha sponji hakisagiki tumboni. Niliikunja mikeka hiyo asubuhi yake na sikuirudisha tena isipokuwa chini ya tandiko jingine, mahali ambapo meno hayafiki.

Zulia la kawaida la chumbani lilikuwa la tatu. Nyuzi zake fupi na kavu zilikwaruza, na mgongo wake ulishika mkojo ukatoa harufu ambayo hakuna sabuni iliyoiondoa. Taulo nilizotandika juu yake ziliongeza tatizo jingine, kwa sababu vitanzi vya uzi wa taulo hunasa makucha, na sungura aliyenaswa huruka kwa nguvu zinazoweza kumng'oa ukucha.

Ndipo nikanunua zulia la manyoya bandia. Urefu wa nyuzi zake unakaribia sentimita tatu, zimesimama wima na zimesongamana kiasi kwamba kidole kikizikandamiza hakigusi mgongo wake kwa urahisi. Sifa hiyo ndiyo inayofanya kazi: sungura anapoketi, nyuzi huinama chini ya sehemu inayobeba uzito zaidi na kubaki zimesimama pembeni yake, hivyo unyayo wote, tangu vidole hadi kisigino, hupata kitu cha kuegemea. Makucha nayo huzama kati ya nyuzi, jambo ambalo sikulifikiria nilipokuwa dukani lakini ambalo sasa naliona kuwa na uzito kama ulaini wenyewe, maana mnyama ambaye makucha yake yameshika husimama vizuri zaidi na haelemei kisigino. Siku ya tatu baada ya kulitandika, Sufi alivuka chumba kwa mbio na kuruka akijipinda hewani, kitu ambacho sikuwa nimekiona kwa zaidi ya nusu mwaka. Nililia, na sioni haya kuliandika hilo katika tathmini ya zulia.

Sifa yake ya pili ni kwamba halishiki maji juu. Poliesta hainywi, mkojo hupita kati ya nyuzi na kutoka kwenye mgongo wenye vitundu vidogo, hivyo sehemu ya juu hukauka mapema. Ngozi iliyolowa hulainika na kuchanika kwa shinikizo dogo, na mkojo unapokaa juu ya kidonda huunguza, kwa hiyo ukavu si jambo la starehe. Lakini lazima jambo hili lieleweke vyema na mnunuzi: mkojo unaopita zulia unahitaji mahali pa kwenda. Mtu akilitandika moja kwa moja juu ya plastiki au vigae, dimbwi hukaa chini yake na hupanda tena sungura anapokanyaga. Mimi huweka chini yake tabaka nene la magazeti na juu ya magazeti kitambaa kizito cha pamba, na hubadilisha vyote viwili kila siku. Maelezo yaliyokuja na zulia yalisema tu kwamba linapitisha maji, na ninahesabu ukimya wao kuhusu tabaka la chini kuwa kasoro kubwa, kwa sababu mnunuzi asiyejua atalilaumu zulia au, vibaya zaidi, atamwacha mnyama juu ya unyevu usioonekana.

Kuhusu ufuaji nina mengi ya kusema, kwani hapo ndipo zulia hili hushinda au hushindwa. Mkojo wa sungura una kalsiamu nyingi, na ukikauka huacha unga mweupe kama chokaa ambao hugandisha nyuzi zikawa ncha ngumu. Nyuzi zilizogandishwa hivyo ni mbaya kuliko zulia la kawaida. Sabuni peke yake haiuondoi unga huo. Nililazimika kujifunza kuloweka zulia kwa nusu saa katika maji yaliyochanganywa na siki nyeupe, ambayo huyeyusha chokaa, kabla ya kulifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Dawa ya kulainisha nguo haifai, kwa kuwa huacha utando unaozuia maji kupita. Moto mkali wa kukaushia nao hulaza nyuzi, na nyuzi zikilala haziinuki tena. Ninayo mazulia matatu kwa zamu: moja sakafuni, moja kwenye kamba, moja la akiba. Mwenye zulia moja tu atashindwa, na ningemshauri angoje hadi aweze kupata mawili. Baada ya miezi 14 ya kufuliwa mara mbili kwa juma, la kwanza limepoteza karibu theluthi ya unene wake katikati, mahali Sufi apendapo kujinyoosha, na nimeligeuza kuwa tandiko la pembeni.

Kasoro nyingine ni kingo. Zulia hukatwa kwa mkasi kulingana na nafasi, na mahali lilipokatwa nyuzi hutoka. Sufi si mtafunaji wa vitambaa, lakini nilimwona mara mbili akivuta nyuzi kwa meno, nikashona ukingo wote kwa utepe wa pamba na kuuficha chini ya uzito wa sanduku. Kwa sungura anayekula vitambaa singethubutu kutumia zulia hili bila uangalizi, hata kama nyayo zake zinalihitaji. Huyo ningemtandikia nyasi kavu nyingi, zenye kina cha kiganja kizima, na kuzibadilisha kila zinapolowa.

Pamoja na sifa hizo zote, mwezi wa kwanza vidonda havikupona. Uwekundu ulipungua, mwendo ulirudi, lakini vigaga vilibaki na kimoja kilikuwa kikitoa majimaji. Nilikuwa nimebadilisha sakafu yote ya chumba na sikuelewa kilichobaki, hadi nilipokaa siku nzima nikiandika mahali Sufi alipo kila robo saa. Zaidi ya saa tano alikuwa ndani ya sanduku la choo. Sungura hupenda kula huku akijisaidia, na mimi, kama wengi, nilikuwa nimemwekea nyasi zake kwenye ukingo wa sanduku ili achafue mahali pamoja. Ndani ya sanduku kulikuwa na vidonge vya mbao iliyoshindiliwa, ambavyo hufyonza mkojo vizuri sana, lakini chini ya mguu ni sawa na kokoto. Mnyama alikuwa akitoka kwenye zulia laini na kwenda kusimama juu ya kokoto zenye mkojo kwa saa tano.

Tangu hapo vidonge hivyo viko chini kabisa, tabaka jembamba tu, juu yake kuna karatasi zilizosagwa, na juu ya karatasi kuna nyasi kavu zilizorundikwa hadi mguu unazama. Huondoa tabaka la juu asubuhi na jioni. Nimeona masanduku yanayouzwa yakiwa na kichanja cha plastiki chenye matundu ili mnyama asikanyage uchafu. Kichanja hicho ni kama waya kwa jina jingine, na anayenunua sanduku la namna hiyo akitoe akiweke kando. Udongo wa choo cha paka unaogandamana usitumike kamwe, kwa sababu sungura huula na ukagandamana tumboni, na maranda ya mierezi au misonobari ambayo hayajakaushwa kwa joto yana mvuke unaodhuru njia ya hewa na ini. Katika majuma mawili ya mabadiliko ya sanduku, kidonda cha kulia kilifunga.

Krimu niliyonunua dukani, iliyoandikwa kwamba ni ya nyayo za wanyama wadogo, ilikuwa na mafuta mazito. Iliyashikamanisha manyoya machache yaliyobaki, ikaifanya ngozi kuwa na unyevu, na kwa sehemu kubwa iliishia tumboni mwa Sufi, ambaye huilamba miguu yake mara nyingi kwa siku. Chochote kinachopakwa kwenye mguu wa sungura lazima kihesabiwe kuwa kimeliwa. Krimu na mafuta ya binadamu, hasa yenye viambato vya steroidi, yasikaribie kidonda hiki. Steroidi huchelewesha kupona na hupunguza kinga ya ngozi. Soksi nazo sizipendekezi. Jozi ya kwanza ilivuliwa kwa meno katika dakika chache, ya pili ilibana juu ya kifundo na kuacha alama, na zote mbili ziliteleza hata kwenye zulia, zikamwondolea makucha yake kazi.

Sasa niseme kuhusu matibabu, kwa sababu zulia huzuia na husaidia kupona, lakini halitibu maambukizi. Duara dogo la ngozi isiyo na manyoya, kavu, isiyo na uvimbe wala maumivu likiguswa, huonekana kwa sungura wengi wa nyumbani, na huhitaji sakafu bora na macho ya mwenye mnyama. Kigaga, mpasuko, damu, uvimbe, joto, harufu au usaha huhitaji daktari wa mifugo, tena aliyezoea sungura. Niliwahi kumpeleka Sufi kwa kliniki ya kwanza iliyokuwa karibu, ambako mguu ulinyolewa manyoya ili kidonda kionekane. Kunyoa unyayo wa sungura ni kumvua kinga pekee aliyonayo, na nilipoteza miezi ya ukuaji wa manyoya kwa dakika mbili za wembe. Daktari wa pili alitenga manyoya kwa vidole na maji, akatazama, na ikatosha.

Daktari huyo alifanya mambo kwa mpangilio ambao naueleza ili msomaji ajue la kutarajia. Alipiga picha ya eksirei ya miguu yote miwili ya nyuma kuangalia kama maambukizi yamefika kwenye mfupa au kwenye kiungo, kwa kuwa yakifika huko matibabu huwa ya miezi na wakati mwingine hayafaulu. Alipapasa kano inayopita nyuma ya kisigino, ambayo katika hatua mbaya huhama kutoka mahali pake kwenda upande wa ndani, na ikihama hairudi, mnyama akabaki akitembea vibaya maisha yake yote. Alichukua sampuli kutoka kwenye kidonda kilichokuwa kikitoa majimaji ili kujua bakteria ni yupi kabla ya kuchagua antibiotiki. Alisafisha kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, iliyozimuliwa sana, akapaka tabaka jembamba la krimu ya silva salfadiazini, ambayo huzuia maambukizi ya kidonda, na akaandika meloksikamu kwa ajili ya maumivu na uvimbe. Dawa ya maumivu ilinishangaza kwa jinsi ilivyobadilisha kila kitu: mnyama asiyeumwa husogea, akisogea damu huzunguka, na uzito haukai mahali pamoja.

Kuhusu antibiotiki kuna jambo la kufa na kupona. Dawa za jamii ya penisilini, ikiwemo amoksilini, pamoja na klindamaisini na linkomaisini, zikitolewa kwa mdomo kwa sungura huua bakteria wema wa utumbo na kuacha wale wanaotoa sumu, na mnyama anaweza kufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Zipo nyumbani mwa watu wengi, na huruma humfanya mtu azichukue. Sufi alipewa enrofloksasini, antibiotiki isiyo ya jamii hizo, na daktari alinieleza kwamba baadhi ya wenzake hutumia penisilini kwa sindano, njia ambayo haipiti tumboni na ambayo ni uamuzi wa daktari peke yake.

Bandeji ilifungwa mara moja tu, kwenye mguu wa kushoto, kwa siku tisa, ikibadilishwa kliniki kila siku ya tatu. Ilisaidia kulinda kidonda kilipokuwa kibichi, lakini bandeji ya sungura huteleza, hulowa mkojo, na ikikaza huzuia damu ile ile tunayoitafuta. Nisingeifunga nyumbani kwa mikono yangu.

Ukaguzi wa nyayo ninaufanya kila Jumapili, nikiwa nimeketi sakafuni, mgongo wa Sufi ukiwa umeegemea kifua changu na mkono mmoja ukiwa umeshika makalio yake kwa uthabiti. Simlazi chali. Sungura anayeshtuka hurusha miguu ya nyuma kwa nguvu inayoweza kuvunja uti wake wa mgongo mwenyewe, na anayekaguliwa juu ya meza anaweza kuruka. Nachukua picha ya kila kisigino pamoja na rula ndogo kando yake, kwa sababu jicho husahau na mtu anayemtazama mnyama wake kila siku haoni kidonda kikikua kwa milimita. Makucha nayakata kila baada ya majuma sita hivi, nikiangaza tochi nyuma yake ili nisifike kwenye mshipa wa damu. Makucha marefu huinua vidole juu na kuutupa uzito nyuma, na naamini kwamba yale ya Sufi, ambayo nilikuwa nikiyaacha kwa miezi minne, yalichangia ugonjwa huu sawa na vigae.

Uzito ulipungua polepole, kutoka kilo 4.6 hadi 4.0, katika miezi minane. Sikumpunguzia nyasi; nyasi kavu ziko mbele yake usiku na mchana, na lazima ziwepo, kwa maana tumbo la sungura halitakiwi kusimama. Nilipunguza chakula cha peleti, yaani chembe za chakula kilichoshindiliwa, hadi vijiko vichache kwa siku na nikaacha kabisa matunda. Katika kipindi cha maumivu makali nilijifunza pia kuhesabu kinyesi chake, kwa sababu sungura mwenye kidonda huacha kula kwa ajili ya maumivu, na asiyekula kwa saa 12 huwa mgonjwa wa dharura hata kama mguu wake unaonekana vile vile. Kusaga meno kwa sauti, kuketi akiwa amejikunyata na macho yamefinywa, na kuinua mguu mmoja mmoja kwa zamu, hizo zote ni dalili za kupiga simu kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kwa zulia la manyoya bandia, basi, ninatoa alama 4 kati ya 5. Alama iliyokatwa ni ya kingo zinazonyofoka na ya maelezo yaliyokaa kimya juu ya tabaka la chini na juu ya chokaa ya mkojo. Mkeka wa nyasi ninaupa 2 kwa mguu mgonjwa na 4 kwa mguu mzima, mikeka ya sponji 1, na krimu pamoja na soksi sizipi kitu. Anayetaka kununua zulia hili achague lenye nyuzi ndefu kuliko zote zilizopo, alikandamize kwa kidole gumba kabla ya kulipia, aone kama zinarudi kusimama, na amwage maji kidogo juu yake kama muuzaji ataruhusu, ili aone kama yanapita.

Kisigino cha kulia cha Sufi kimeota manyoya, mafupi na mepesi. Cha kushoto kina sugu ya rangi ya waridi, kavu, isiyo na kigaga tangu miezi saba iliyopita, na daktari amesema kwamba manyoya huenda yasirudi hapo tena. Picha ya Jumapili iliyopita inaonyesha upana wa milimita 9. Wakati ninapoandika hivi amejinyoosha juu ya zulia la tatu, jipya kuliko yote, miguu ya nyuma ikiwa imetupwa kando na nyayo zote mbili zikionekana wazi.